Wakuu, tasnifu ya uzamili: nibaki maabara au nihamie modeli?

Mwanatope
Wakuu, salaam. Nasoma uzamili wa uhandisi wa mazingira, masomo ya darasani nimemaliza, imebaki tasnifu. Mada ni bayogesi kutokana na mabaki ya vyakula. Mtambo wangu ni wa lita 5, nyuzi 35, unakorogwa muda wote. Siku hizi unasumbua kidogo, na imebaki miezi minne kukabidhi. Swali langu ni moja tu: niendelee na maabara au nihamie ADM1, modeli ya kompyuta inayoiga mtambo wa bayogesi? Sina usingizi. Ushauri naomba, matusi hapana.

KaziKwanza
Mkuu, jiulize kwanza unataka ajira ya wapi. Kwenye mitambo ya majitaka wanatafuta mtu anayejua kupima COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wote kikemia) na kutambua mtambo unaougua. Ofisi za usanifu wanataka mtu wa mizania na programu. Chagua kazi, tasnifu itafuata.

PipaLaTope
"Unasumbua kidogo" ndiyo nini? pH ngapi? Unalisha mililita ngapi kwa siku? Chakula kina VS (sehemu kavu ya kikaboni) kiasi gani? Uwiano wa asidi tete kwa alkalini (akiba ya kuzima asidi) je?

Mwanatope
pH ilikuwa 7.2, sasa inachezacheza. Ila mkuu, mimi nimeuliza kuhusu modeli.

MizaniaTu
Kuhusu modeli basi. ADM1 ilitolewa 2002 na kikundi kazi cha IWA (Jumuiya ya Kimataifa ya Maji) na ina michakato 19 ya kibiokemia. Lazima uigawe COD ya chakula chako: wanga kiasi gani, protini kiasi gani, mafuta kiasi gani. Halafu inataka seti moja ya data ya kurekebishia vigezo na nyingine ya kuipima nayo. Wengi wanaikimbilia wakidhani haina haja ya maabara, kumbe inakula data kuliko tasnifu ya kawaida. Ukiipa data ya mtambo mgonjwa itakubali tu, utageuza vigezo mpaka mchoro ulingane, na siku ya utetezi utaulizwa vigezo hivyo umevitoa wapi.

PipaLaTope
Mtoa mada, namba bado nazisubiri.

Mwanatope
Sawa. pH ni 6.1. Nilikuwa nalisha ml 250 kwa siku, chakula kina gramu 30 za VS kwa lita. Nikaona muda unaniacha, nikapandisha hadi 750. Ilikuwa wiki moja tu! Baada ya hapo pH ikishuka naweka gramu 10 za baikaboneti ya sodiamu, nimeshaweka mara saba. Na msimamizi ameshasaini fomu ya kubadili mada, kwa hiyo kurudi nyuma ni ngumu.

Kicheko_Kavu
Bakteria wamevimbiwa wakagoma, mwajiri anawapelekea dawa ya kiungulia 😂😂

PipaLaTope
Hapo sasa tunaongea. Ml 250 ndani ya lita 5 ni gramu 1.5 za VS kwa lita kwa siku, na HRT (muda majimaji yanakaa mtamboni) ni siku 20. Ml 750 ni gramu 4.5, na HRT inashuka hadi siku 6.7. Wazalisha methani huzaliana polepole, kwa hiyo ulikuwa unawamwaga haraka kuliko wanavyoongezeka, huku watengeneza asidi wakishangilia. pH nayo huchelewa kusema: alkalini huliwa kwanza, na pH ikianza kushuka ujue akiba imekwisha.

Baikaboneti nayo ina bei yake. Gramu 70 zina kama gramu 19 za sodiamu, yaani karibu miligramu 3,800 kwa lita, ukiacha iliyotoka na majimaji. Sodiamu huanza kuwabana kwenye 3,500 hadi 5,500.

Mtumishi_M
Haraka haraka haina baraka. Vijana mnataka digrii ya miaka miwili kwa miezi mitatu, halafu tunashangaa mitambo inakufa.

Mwanatope
Mnanihukumu bure. Matokeo yenyewe ni mazuri: methani lita 0.58 kwa kila gramu ya COD iliyoondolewa. Sura ya nne nimeshaiandika. Nilitaka tu modeli iyathibitishe.

HesabuHaidanganyi
Hii ni chai. Kuunguza moli moja ya methani kunahitaji gramu 64 za oksijeni, na moli hiyo ni lita 22.4 kwa nyuzi 0. Gawanya: lita 0.35 kwa gramu ya COD. Kwa nyuzi 35 ni 0.395. Hapo bakteria hawajala hata chembe kwa ajili ya miili yao. 0.58 haipo duniani, tena kwa pH 6.1! Mtu anayesoma uzamili kweli hawezi kuiandika bila kushtuka. Mods, fungeni uzi.

Kicheko_Kavu
Chai ya maziwa kabisa. Nilishaanza kumwonea huruma.

KaziKwanza
Hata fomu ya kubadili mada huenda haipo. Msimamizi gani anasaini bila kuuliza pH?

Mwanatope
Sijatunga! Niweke picha ya daftari?

PipaLaTope
Picha haina haja. Tuambie gesi uliipimaje.

Mwanatope
Kwa kusukuma maji kwenye silinda. Gesi inapita kwenye maji, kwa hiyo kaboni dioksaidi inayeyuka humo, inayobaki ni methani.

PipaLaTope
Hiyo hapo. HesabuHaidanganyi, hesabu yako ni sahihi ila hitimisho siyo. Maji ya kawaida yakishashiba hayachukui tena, kwa hiyo ulichopima ni gesi karibu yote. Ungepitisha kwenye sodiamu haidroksaidi ya 3 M inayonasa kaboni dioksaidi, yenye kionyeshi cha timolifthaleini, rangi ya bluu ikipotea unabadilisha. Tena gramu 10 za baikaboneti zikitumika zote kuzima asidi hutoa karibu lita 3 za kaboni dioksaidi kwa nyuzi 35. Na COD inayoondolewa ilikuwa inapungua, kigawanyo kikawa kidogo. Ndiyo maana namba ilipanda mtambo ukifa.

HesabuHaidanganyi
Sawa, chai naifuta. Sura ya nne haifutiki?

MizaniaTu
Data ya kabla ya kupandisha ichunguzwe, ya baada haifai kuitwa hali tulivu (mtambo usiobadilikabadilika). Na msimamizi aambiwe leo, kabla fomu haijapanda juu.

Mwanatope
Sasa nifanyeje? Miezi minne!

PipaLaTope
Acha kulisha. Mwaga nusu ya kilichomo, jaza tope lenye bakteria hai kutoka mtambo wa bayogesi unaofanya kazi vizuri. Sodiamu nayo inapungua nusu. Usiongeze baikaboneti. Kila siku chuja sampuli ya ml 20, tia asidi ya salfa 0.1 N hadi pH 5.0, andika ml, endelea hadi 4.4, kisha kokotoa ule uwiano wa asidi tete kwa alkalini. pH ikivuka 6.8 na uwiano ukiwa chini ya 0.3, anza na ml 80 kwa siku. Ongeza 80 nyingine kila wiki, uwiano ukigusa 0.4 simama hapo ulipo. Ukifika 250, hesabu HRT tatu, siku 60. Inatosha, ila hakuna wiki ya kupoteza.

Wakati huo huo panga chupa tisa za kupimia methani ambayo chakula chako kinaweza kutoa: tatu za chakula chako, tatu za selulosi ya kulinganishia, tatu za tope tupu. VS ya tope iwe mara mbili ya VS ya chakula, tope likae na njaa siku chache kwanza, hewa itolewe kwa naitrojeni. Toa gesi ya tope tupu kwenye hesabu. Simamisha jaribio gesi ya siku ikiwa chini ya asilimia 1 ya jumla kwa siku tatu mfululizo. Mtambo ukigoma tena, chupa hizo ndizo tasnifu yako, na modeli rahisi ya mwendo wa kwanza (kasi hufuata chakula kilichobaki) inatosha.

Mwanatope
Nimeelewa. Ile 0.58 siwezi hata kuiweka kwenye kiambatisho?

HesabuHaidanganyi
Iweke. Safu uiandike "gesi yote, haijasafishwa, nyuzi 35", na tarehe za baikaboneti pembeni.

KaziKwanza
Ila ajira hujajibu.