Mrejesho: toni za Mashi, mluzi umeniokoa

Ndugu zangu, habari za siku. Ni mimi wa Bukavu niliyeuliza mwezi wa tatu namna ya kuchunguza toni (kupanda na kushuka kwa sauti katika neno) za Mashi, lugha ya Washi wa huku kwetu, kwa kazi yangu ya kumaliza masomo ya isimu, nikiwa na simu tu ya kurekodia. Aksanti sana kwenu wote.

Aliyesema niache sauti za WhatsApp nirekodi kwa WAV (faili la sauti isiyobanwa) alisema kweli, maana WhatsApp inabana sauti. Praat, programu ya kompyuta ya kuchunguza sauti, niliipakua bure. Lakini rekodi sita za Kadutu, hapa Bukavu, zimekufa: mvua juu ya mabati! Na kwa sauti ya nyanya yangu, iliyochakaa, mstari wa Praat unaoonyesha sauti ikipanda na kushuka unakatika na kurukaruka, hausomeki.

Kilichofaa kuliko vyote ni ushauri niliouchekea: mtu apige neno kwa mluzi badala ya kulitamka. Nyanya alikataa katakata (eti mwanamke hapigi mluzi), ila mjomba alipiga maneno kama 40 akiwa kwenye kiti chake uani, nami nikasikia toni za juu na za chini hata bila kompyuta. Vitenzi vya kukanusha bado vinanichanganya. Msimamizi amepokea sura ya pili.