Boxer yangu inazimika yenyewe, nimeshabadili karibu kila kitu, msaada wakuu

Boksa wa Kimara
Wakuu habari za muda huu. Nimekwama, naombeni msaada kabla sijachanganyikiwa.

Nina Boxer 150, mimi sio mtu wa kukimbilia kwa fundi, vitu vingi nafanya mwenyewe hapa uani, spana ninazo na multimita ninayo. Mwezi huu nimeihudumia haswa. Nimetoa cheni ya zamani na sproketi zote mbili (ya nyuma ilishakuwa kama meno ya msumeno) nikafunga seti mpya, nimemwaga oili nikaweka 20W-50, betri mpya, plagi mpya, tairi la nyuma jipya, halafu nikaipendezesha kidogo, taa za spoti mbili za LED kwenye bampa, chaja ya simu kwenye usukani, kava jipya la siti na stika kwenye tanki. Imekaa vizuri mno, pale kijiweni wote wanauliza fundi nani.

Sasa shida inakuja hapa, inazimika yenyewe. Ukipiga selfu injini inazunguka vizuri tu ila haiwaki, kiki unapiga mpaka goti linauma, hola. Ukiiacha baadaye inawaka utadhani hakuna kilichotokea. Nimebadili CDI (kile kiboksi kinachoamuru cheche), hola. Nimebadili koili inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, hola. Sasa nataka nitoe wayaringi yote niweke mpya, kuna mtu ana seti Kariakoo. Nifanye hivyo au kuna kitu nakiruka? Wife ameanza kuniangalia vibaya kwa hizi hela.

Spana Namba 14
Usiguse wayaringi kwanza mkuu. Ikizima unatembea au umesimama? Inakohoa kwanza au inakata papo hapo? Kifuniko cha tanki kina kitundu cha pumzi, kikiziba mafuta yanashuka kidogo kidogo mwisho yanagoma kwa sababu hewa haiingii kujaza nafasi, pikipiki inakufa, ukikaa dakika kadhaa hewa inajipenyeza unawasha unaondoka. Watu wameuza pikipiki kwa ugonjwa huo. Siku ikizima fungua kifuniko, ukisikia inavuta hewa "fyuu" umeshaujua mchawi.

kijana wa hovyo
Uza ununue bajaji, angalau ikizima una paa

Ngosha Halisi
Mimi nitazungumzia hizo spoti maana zilishanitesa. Niliweka mbili za wati 20 kila moja, nikaunga moja kwa moja kwenye betri bila relei (ile swichi inayoamshwa na umeme mdogo) bila fyuzi, najiona fundi. Piga hesabu, wati 40 gawa kwa volti 12 ni zaidi ya ampia 3, betri ya ampia-saa 5 kama haichajiwi hata saa mbili hazifiki imekata roho. Nikawa kila asubuhi nasukuma pikipiki barabarani majirani wanacheka. Mwisho nikazipitisha kwenye relei, waya wa kuiamsha nikautoa kwenye swichi ya funguo, fyuzi nikaiweka karibu na betri kabisa, toka siku hiyo nalala usingizi. Na wewe mleta uzi pima, injini ikiwa imezimwa usome 12.4 mpaka 12.7, ukiwasha na kuvuta resi isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15 regyuleta, inayodhibiti chaji, imekwenda na hiyo betri mpya itachemka. Halafu kuna siku nilikuwa natoka Bagamoyo usiku mvua inanyesha, spoti zikazima zote mbili na taa kubwa ikafuata, hiyo stori nitaleta uzi wake.

Mzee wa Kibaha
Nyie vijana mna matatizo. Spoti, chaja, stika, kava la siti, sijasoma neno breki hata mara moja. Breki shuu za nyuma umefungua lini ukaona zimebaki kiasi gani? Hizo taa zenu mnatumulika machoni tunakosa barabara, unakutana na mtu Mlandizi usiku unadhani ni Fuso kumbe ni kitoto kwenye Boxer. Pikipiki ni breki, tairi na kofia ngumu, mengine yote mbwembwe.

Boksa wa Kimara
@Spana Namba 14 mkuu Mungu akubariki. Nimeenda kuangalia, ile stika nilibandika mpaka juu ya kifuniko, kitundu kimezibwa kabisa. Nimeikata kwa wembe. Mchana kweli ilikuwa inakohoakohoa nikiwa Morogoro Road halafu inakufa, leo nimezunguka nayo mpaka Mbezi haijakohoa.

Ila ile ya jioni bado. Jana tena imezima.

kijana wa hovyo
Stika ya timu gani kwanza, Jangwani au Msimbazi? Kuna timu zinaziba watu pumzi toka zamani

Boksa wa Kimara
Sitaji, nawajua mtaanza

Spana Namba 14
Ngoja kwanza, kwa hiyo una magonjwa mawili umeyaleta kama moja. Hiyo ya jioni, toa plagi, ivalishe kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na mafuta, piga selfu. Cheche ipo?

Boksa wa Kimara
Nimeshafanya mkuu, cheche hamna hata kidogo. Baadaye ikirudi cheche ya bluu safi kabisa.

chuma cha pua
Hiyo ni koili ya palsa, ile inayoiambia CDI itoe cheche lini, ipo ndani ya magneto inayozalisha umeme, ikipata moto inakata ikipoa inarudi. Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Na kwa kuwa tunaongelea matengenezo ya nyumbani, wikiendi nimefungua kabureta mwenyewe, nimeosha na petroli, jeti (kile kitundu kinachopima mafuta) nikazibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, sasa hivi inavuta balaa

Spana Namba 14
Jeti haizibuliwi kwa waya! Kile kitundu ni kidogo mno, ukikichubua umekipanua, utashangaa inakunywa mafuta na plagi inatoka nyeusi. Puliza kwa upepo wa kompresa basi.

chuma cha pua
Mbona inavuta

Mjomba Nyali
Asalaam aleikum. Mie niko Mombasa nasoma tu kimya kimya, lakini kuna jambo lanikera. Bwana Boksa, hiyo piki huzima saa ngapi? Jioni jioni, yaani kila siku saa ile ile? Na je, yazima ukienda nayo au ukishaipaki?

Boksa wa Kimara
Kaka mara nyingi saa moja au saa mbili usiku, nikiwa nimepaki nasubiri abiria. Sio kila siku. Kuna siku haizimi.

Mjomba Nyali
Na hizo siku isizozima, zina nini?

Boksa wa Kimara
Sijaelewa swali mkuu

Mjomba Nyali
Umeelewa bwana. Piki ni yako, au ina mwenyewe? Koili ya palsa haijui saa. Huku kwetu piki za mkopo zafungwa kidude, ukichelewesha malipo watu wako ofisini wabonyeza simu, cheche yakatika. Vingi vyangoja usimame kwanza ndio vikate, visije vikakuua barabarani.

Kiberenge
Naweka kambi hapa. Jibu swali mkuu.

Ngosha Halisi
Jibu mkuu, nimeacha ugali unapoa

Boksa wa Kimara
Sasa inahusianaje na ufundi? Nimekuja kuuliza ufundi.

Haya, ni ya mkataba. Buku kumi kwa siku, miezi 14, halafu inakuwa yangu, kwa hiyo nikisema yangu sijadanganya maana nimeshavuka nusu. Na ndio, kuna kidude cheusi chini ya siti kimeviringishwa solotepu, kina waya zinaingia kwenye za swichi, nilikiona siku nafunga chaja ya simu. Bosi aliniambia ni kwa ajili ya wizi tu.

Wiki hizi hesabu imeyumba, kweli. Lakini angalieni, cheni mimi, sproketi mimi, betri mimi, tairi mimi. Ile ni mali yake ninayoitunza, kwa nini nisikate kwenye hesabu? Nilimtumia meseji ya gharama zote hakujibu, akipiga simu na mimi sipokei. Anayemaliza mkataba katikati ya barabara bila hela ni nani, mimi au yeye? Kuna fundi anakuja kesho asubuhi kukitoa hicho kidude, advansi nimeshampa. Nilichotaka kujua kwenu ni kama wayaringi itaharibika akikata, basi.

Mzee wa Kibaha
Heh. Kwa hiyo CDI na koili ulibadili unajua kabisa tatizo ni deni.

Boksa wa Kimara
Sikuwa na uhakika mzee wangu

Spana Namba 14
Mkuu hapo kwenye kutoa mimi sikusaidii. Hivyo vidude vingi vina betri yao ndogo ndani, ukikata umeme wa pikipiki kinatuma taarifa hapo hapo kwa mwenyewe kwamba umeme umekatwa na upo mtaa gani. Kadi bado ina jina la bosi. Akienda kituoni akisema pikipiki imeibwa, wewe una karatasi gani ya kuonyesha? Hela ya huyo fundi kampe bosi.

Mama Wawili
Ngoja na mimi niseme maana naona mnamwonea huruma. Nina pikipiki mbili za mkataba. Nimekopa vikoba kununua, kila Jumamosi wananidai mimi, hawamdai dereva. Kwangu imeandikwa kabisa, oili, cheni, tairi, plagi, breki ni juu ya dereva, injini ikinoki ndio tunakaa tunaongea. Na nani alikutuma ufunge spoti? Kava la siti nalo ni matengenezo? Unaniletea risiti ya urembo halafu unaniambia nikate hesabu. Mngejua mimi nakata cheche kwa hicho kidude huku roho inaniuma, mtu yuko barabarani usiku, lakini asipopokea simu nifanye nini, nimfuate kijiweni na khanga?

Ngosha Halisi
Mama hapo kwenye tairi mimi sikubali. Kila boda wangu alikuwa analipiwa tairi nusu kwa nusu.

Mama Wawili
Ndio maana umesema "alikuwa"

Mstaafu wa Gereji
Nimesoma uzi wote toka juu na kitu hakikai sawa. Mtu aliyekatiwa cheche kwa kidude hawezi kununua CDI na koili zote mbili mpya wakati hela ya hesabu hana. Boda gani huyo? Halafu anasema multimita anayo lakini hajaleta namba hata moja Ngosha alipomwambia apime. Siti kaifungua kufunga chaja, kidude kakiona, lakini posti ya kwanza hakitaji. Na swali lake la mwisho ni moja tu, nikikikata itakuwaje. Hii chai wakuu, na imekosa tangawizi.

Kiberenge
Mstaafu umenifungua macho. Huyu sio boda, huyu ni mwizi wa pikipiki anakusanya elimu. Kaanza na stika tukamwonea huruma.

chuma cha pua
Au anauza hivyo vidude, anatangaza kijanja. Kesho atatokea mtu mpya na namba ya WhatsApp

Mjomba Nyali
Lakini kitundu cha tanki mbona kimemfaa

Mstaafu wa Gereji
Kasema kimemfaa. Umekiona?

Boksa wa Kimara
Daaah. Mimi mwizi? Nimetumia data yangu kuomba ushauri naitwa mwizi. Betri niliyopima ilisoma 12.5 na ikiwaka 14.1, sikuandika kwa sababu haikuwa na tatizo. CDI na koili nilinunua kwa hela ambayo ilikuwa ya hesabu, ndio hesabu ikayumba, mnataka nichore picha? Picha ya kidude naipakia hapa inagoma, mtandao mbovu.

kijana wa hovyo
Picha zinagomaga kwenye chai tu, kwenye nyuzi za kweli zinapanda

Mama Wawili
Boksa, hebu nikuulize kitu kimoja tu kwa upole. Hilo kava la siti ni jekundu lina mstari mweusi katikati? Na taa moja ya spoti, ya kushoto, imeinama kidogo kama inaangalia chini?

Ngosha Halisi
😂😂😂😂

Kiberenge
MAMAAAA

Mama Wawili
Sicheki jamani. Nina dereva wa Kimara hapokei simu, na meseji ya gharama za cheni na tairi ninayo hapa. Boksa, kama ni wewe hiyo advansi ya fundi mrudishie, kesho saa tatu njoo nyumbani na daftari, tairi tunaweza kuongea. Spoti sizungumzii.

Spana Namba 14
Yuko mtandaoni. Naona kijani.

Kiberenge
Kijani imezima

kijana wa hovyo
Mama umemkata mpaka na simu

Mstaafu wa Gereji
Msijipe raha, huyo Mama na Boksa wanaweza kuwa mtu mmoja. Wamejiunga lini wote wawili?

Mama Wawili
Mimi niko humu kabla yako baba, kaangalie.

Mzee wa Kibaha
Na breki shuu bado hajazifungua.

chuma cha pua
Wakuu samahani nje ya mada, kumbe ni kweli tangu nizibue ile jeti plagi inatoka nyeusi na moshi unanuka petroli. Jeti mpya ya Boxer inapatikana peke yake au mpaka ninunue kabureta zima?

Spana Namba 14
Inauzwa peke yake. Nenda na ya zamani mkononi ulinganishe namba iliyogongwa kwenye kichwa chake, usichukue ya kubahatisha.