MREJESHO: Yule farasi jike wa miaka 16, Mufindi

Wakuu, salaam. Niliwauliza kama inafaa kununua farasi jike wa miaka 16 huku Mufindi, nimzoeze safari za masafa marefu kisha nimuuze. Wengi mlisema umri si tatizo kama miguu ni mizima. Asanteni sana.

Nilimsikiliza aliyesema nisitoe hata shilingi kabla daktari wa mifugo hajamkagua. Goti la mbele la kulia lilikutwa limekaza kidogo, bei ikashuka. Shida kubwa ikawa meno: yalikuwa na ncha kali, nyasi anazitafuna nusu halafu anazidondosha mabonge mabonge. Yaliposuguliwa kwa tupa, akaanza kunawiri.

Mazoezi yalianza kwa kutembea tu, barabara za vumbi za mashamba ya chai, kukimbia kukaja baadaye sana. Ndugu uliyenielekeza kupima mapigo ya moyo wake nyuma ya kiwiko chake cha kushoto, Mungu akubariki! Mashindano ya kimataifa ya masafa marefu hutaka yashuke hadi 64 kwa dakika, na huyu mama alikuwa anafika hapo mapema hata baada ya mlima. Jioni nilimwingiza bandani kabla ya giza, kumkinga na usubi unaoleta maradhi ya kuua farasi.

Kumuuza kwa ajili ya mashindano kumeshindikana. Miteremko mirefu ilimsumbua lile goti, na mnunuzi akasita. Amechukuliwa na mwenye kambi ya watalii, atabeba wageni safari fupi. Faida ni ndogo, ila nimeridhika na alikokwenda.