Boti ya kuvulia trauti: mbao, aluminiamu ama faiba? Nisaidieni haraka

Zimma_Boy: Wazee habari za jioni. Nahitaji ushauri wa haraka na mwenye hajui tafadhali asikoroge uzi. Kuna zile boti za kuvulia trauti mtoni, chini bapa, mbele na nyuma zimeinuka, mpiga makasia anakaa katikati na mvuvi anasimama mbele na ufito wake anarusha nzi bandia kama chambo. Wazungu wanazitumia sana Montana na Oregon kule Marekani wakitafuta zile trauti kubwa. Nina fundi Kariobangi anaweza kuunda. Swali ni moja tu, mbao, aluminiamu ama faiba? Sijalala vizuri hii wiki.

Kobole: Aluminiamu. Mbao itaoza, faiba ikigonga jiwe imekwisha.

Binti_Limuru: Umenikumbusha shangazi, alifunga hizo nzi miaka mingi kwa karakana hapa Nairobi, manyoya ya jogoo na uzi juu ya ndoano, zinapelekwa Uingereza na Marekani. Amesomesha watoto wote na nzi lakini trauti yenyewe hajawahi kuiona hata kwa sahani. Macho ndio yaliharibika.

Kiatu_Mzee: Mto gani? Nauliza kwa sababu nimekulia Othaya.

Zimma_Boy: Mto tuwachane nao kwanza mzee. Nauliza boti iundwe na nini.

Kiatu_Mzee: Kijana, usiniambie ni Gura. Trauti za Gura zililetwa 1905 na mlowezi Grogan kutoka Uskoti na ziko mpaka leo kwa sababu maji ya huko juu ni baridi, lakini huo mto ni mawe na kasi, boti itapita wapi? Huko watu wanavua wakitembea ukingoni ama wakiwa ndani ya maji na gambuti, na ukiingia hifadhi ya Aberdare unaenda na askari wa KWS, wale wa wanyamapori, kwa sababu ya nyati. Kijana wangu yuko Montana, amenieleza hizo boti. Zinataka mto mpana kama Bighorn ama Madison. Mpiga makasia anaangalia kule maji yanaenda na anavuta makasia kurudi nyuma, kazi yake ni kupunguza mwendo ili mvuvi apate nafasi na nzi ielee na maji bila kukokotwa, kwa sababu trauti kubwa ikiona nzi inakokotwa haigusi. Sasa pale Gura utapunguza mwendo na nini, meno?

Zimma_Boy: Sawa ni Gura. Lakini nimefanya utafiti, ukishuka mpaka Sagana mto unapanuka na watu wanateremka na boti za mpira kila wikendi.

Kiatu_Mzee: Hapo maji yameshapata joto. Utavua kambale.

Mama_Tao: Mbona haraka hivi? Kuna pesa ya mtu hapa. Sema tu.

Zimma_Boy: Ok. Kuna wageni wawili wa Colorado wamelipa nusu, wanafika mwezi ujao. Kwa tangazo niliweka picha ya mtandao, mzee ndani ya boti ameshika trauti ya kama kilo saba. Sikuandika ni Kenya, niliandika tu "njoo ujionee". Na boti imefika nusu, ya mbao, kwa hivyo msinianzishie mambo ya kuwacha. Pesa ya fundi ilitoka kwa chama chetu cha akiba lakini mweka hazina ni mimi, huo si wizi.

Mama_Tao: Mweka hazina! 😂 Chama chetu mwenye alikuwa anaweka pesa alinunua nguruwe, tukaambiwa wamekufa, tukakutana na wao Krismasi kwa harusi ya dadake wakiwa wamechomwa vizuri sana. Rudisha pesa za watu, hizo machozi zinafuata mtu.

Kobole: Kumbe mbao iko nusu tayari. Na mimi nilijibu kwa roho safi.

Nyundo_Saba: Wazee mnachezwa. Huyu ni yule wa kufuga mamba Ruai, amebadilisha jina tu. Hekaya. Mtu wa Colorado ako na trauti nyuma ya nyumba, apande ndege afuate zetu? Kilo saba!

Kiatu_Mzee: Kilo saba zipo, Arkansas mtu alitoa ya kilo 18 mwaka wa 1992. Gura ikifika nusu kilo unaita majirani. Kama hao wageni ni wa kweli waambie ukweli, wakitaka kubwa wapande maziwa ya Mlima Kenya, Rutundu ama Alice.

Zimma_Boy: Wanakuja Maasai Mara, yangu ni siku mbili za ziada. Na mamba simjui. Picha ya boti yangu nimeiweka hapo juu, mbao ya saipresi, angalieni vizuri.

Nyundo_Saba: Hilo ni jeneza la watu watatu.

Binti_Limuru: Nyuma naona jiko na makarai. Hapo ni Kariobangi kweli.

Mfugaji_Juja: Hiyo kitu inaelea? Nina bwawa la tilapia huku, kulisha samaki wa katikati imekuwa shida. Bei?

Mama_Tao: Na wageni je?

Zimma_Boy: @Mfugaji_Juja njoo inboksi. Makasia ni bei tofauti.