Kamati ya kulinda watoto mtaani kwetu imelala, nianzie wapi?

mama_vitumbua:
Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza, mtaa wa pembeni huku. Mwaka jana niliingizwa kwenye kamati ya MTAKUWWA ya mtaa, ile ya kuzuia ukatili kwa wanawake na watoto, tukapigwa semina siku mbili, soda, picha ya pamoja, basi. Tangu hapo tumekaa mara moja tu.

Sasa kuna binti kwa jirani, anasema ana miaka 11, kaletwa toka kijijini eti ni ndugu ila ni hausigeli kabisa. Saa kumi na moja alfajiri nawasha jiko namwona anapita na ndoo ya lita 20, shule haendi. Juzi kaja kununua vitumbua mkono kauficha ndani ya kanga, nikamwambia hebu nione, malengelenge yamepasuka, anasema uji ulimwagika. Labda kweli ni uji. Nimemwambia mwenyekiti wa mtaa, akanijibu hayo ni ya familia, tusigombanishe watu. Mwenye nyumba ni mtu wa heshima zake, kanisani anachangia. Nifanyeje nisionekane mmbea?

ustawi_mstaafu:
Dada yangu, umbea hauna kifungu ila kutoa taarifa kina. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 95 inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ni wajibu wake kuripoti serikali ya mtaa. Na umri wa chini wa kazi ni miaka 14, huyo wa 11 hata kama analipwa haihalalishi. Mwenyekiti akikaza shingo mruke, nenda kwa mtendaji au moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116 ni bure, si lazima ujitaje. Huo mkono uonwe na daktari kwanza, mengine yatafuata.

kobe_mzee:
Sawa ila tusidanganyane, afisa ustawi mmoja kata nzima (akiwepo!) na pikipiki haina mafuta. Nyie mnampigia anasema nakuja, wiki inapita. Afu mtoto akitolewa analala wapi? Nimewahi kuona binti kalazwa kituoni kwenye benchi usiku mzima.

ustawi_mstaafu:
@kobe_mzee ndio maana kuna familia za kuaminika, walezi waliopitishwa na ustawi kumpokea mtoto kwa dharura. Muulizeni afisa wenu kama mtaa wenu una hata mmoja, kama hakuna hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kamati, sio semina.

mlikoni:
Salamu kutoka Likoni, Mombasa. Kwetu sisi kilichosaidia ni kujua nani anapigiwa saa nne usiku. Mzee wa mtaa, ustadhi wa madrasa, mama mmoja volontia wa idara ya watoto, na kijana wa boda ambaye tunamchangia mafuta kila mwezi, basi hao wanne. Mwanzoni tulikuwa na grupu ya watsapu ya watu 80, siku moja mtu akaposti picha ya mtoto aliyechapwa, kufika magharibi mpaka wauza mkaa wanajua ni wa nani, yule mtoto akahamishwa usiku huo huo na hatukumuona tena. Grupu tukaiua. Msiweke picha wala jina popote jamani.

kobe_mzee:
Hiyo ya boda nimeipenda.

mama_vitumbua:
Nimerudi na mrejesho. Mtendaji ni dada mmoja kijana, akaja na akili ambayo mimi nisingekuwa nayo, akamchukua mwalimu wa shule ya msingi na mhudumu wa afya wakapita nyumba kama 15 wakiuliza watoto wasiosoma, ya jirani ikiwa katikati tu, kwa hiyo hakuna aliyenyooshewa kidole. Mkono ukaonekana palepale. Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi wakatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hospitali wakausafisha, saa hizi yupo kwa mlezi wakati mama yake anatafutwa, namba iliyoachwa haipatikani. Shule bado, wanasema mpaka ijulikane anabaki hapa au anarudi kwao.

Mwenyekiti hanisalimii. Na yule jirani sijui kajuaje, siku hizi vitumbua ananunua kona ya pili.

mlikoni:
Mlezi anapata chochote cha chakula au ndio kujitolea?

mama_vitumbua:
Kujitolea mkuu. Jana nimempelekea unga kilo tano.