Mtafiti wa bahari anayetaka kufundisha: darasani, taasisi ya utafiti au hifadhini?

Kaskazi: Wakuu, habari za humu. Nimemaliza uzamili wa sayansi ya bahari. Maabara naiweza, ila raha naipata nikiwaeleza wanafunzi. Nilinganishieni: kusomea ualimu wa sekondari, kitengo cha ushirikishaji jamii kwenye taasisi ya utafiti, au hifadhi yenye programu ya shule kama kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Ipi inadumu?

Mwl_Chaki: Ualimu, mdogo wangu. Stashahada ya uzamili ya elimu si ndefu, hata Chuo Kikuu Huria wanayo. Ajira ya serikali utaisubiri, lakini ukiipata umetulia.

DadaKilifi: Huku kwetu Kilifi, Kenya, KEMRI-Wellcome Trust, watafiti wa afya, wana programu ya shule miaka mingi sasa: wanafunzi wanaingia maabara, watafiti wanakwenda madarasani. Kazi tamu. Ila popote utakapoomba, uliza kwanza mshahara unatoka fungu gani. Ruzuku ikiisha, kitengo cha elimu ndicho huguswa mapema. Na ujue nusu ya kazi ni barua za ruhusa na ripoti za mfadhili.

Mzee_wa_Bamvua: Chumbe ni hifadhi tangu 1994, na pesa ya watalii ndiyo inayopeleka watoto wa shule kisiwani. Basi 2020 watalii walipokatika, kila anayekula kwa utalii hapa Unguja alijua joto ya jiwe. Lakini kwa kufundisha, hakuna pa kushindana napo. Mtoto wa huku anajua tumbawe ni jiwe la kujengea nyumba. Mvishe miwani, mwinamishe uso majini, aone lile “jiwe” ni kundi la wanyama wenye vinywa. Ubao hauwezi hilo.

Kaskazi: Mzee umenivuta! Ila nina wadogo wananitegemea.

Mwl_Chaki: Ndiyo nasema anza na darasa. Utafiti hutauacha: kuna Young Scientists Tanzania tangu 2011, wanafunzi wanabuni miradi yao na kuionyesha. Mwalimu aliyewahi kukusanya data mwenyewe anawafaa kuliko sisi wa kukariri.

DadaKilifi: Hapo sikupingi, mwalimu. Kaskazi, kokote utakakoomba usipeleke orodha ya machapisho peke yake. Andaa somo la dakika ishirini ulilokwisha kulijaribu kwa watoto wa kweli, na lisihitaji projekta.