Mtoto wa siku 9, degedege halisikii dawa: naombeni ushauri

Mama Kichanga: Habari za usiku wapendwa. Mwanangu alilia vizuri alipozaliwa. Siku ya 2 macho yakaanza kuganda upande mmoja, mdomo unanyonya na ziwa halipo, mguu unapigapiga. Kapewa fenobabitali, kisha fenitoini. Anatulia kidogo, linarudi. Sukari, damu na maji ya uti wa mgongo havijaonyesha kitu. Mama mkwe anataka tumtoe wodini akafukizwe. Kuna jambo sijamwambia daktari: mimba ikiwa na miezi 8 alikuwa akinidunda mfululizo, kama kwikwi isiyoisha. Na kaka yake alifariki hivi hivi, ana siku 12.

Baba Pacha: Pole sana dada. Usimtoe wodini, nakusihi.

Nesi wa Zamu: Pole mama. Hayo mawili yaseme leo leo! Kuna kifafa cha kurithi kinachotegemea vitamini B6, kinajulikana tangu 1954. Mwili unashindwa kuvunja laisini, iliyomo kwenye protini, na mabaki yake yanainasa B6. Bila B6 ubongo hautengenezi vya kutosha kemikali ya kuutuliza, ndiyo maana dawa za kawaida zinagonga mwamba. Muulize daktari kama anaweza kumjaribishia piridoksini, ndiyo hiyo B6. Mara nyingi huanza na miligramu 100 kwenye mshipa, oksijeni na ambu (mfuko wa kumsaidia kupumua) zikiwa tayari, maana mtoto anaweza kuacha kupumua. Sindano ikikosekana, aulize vidonge kitengo cha TB; wanaomeza isoniazidi, dawa ya TB, hupewa hivyo hivyo. Ila usimpe mwenyewe.

Mama Kichanga: Na asipotulia?

Mama wa B6: Wangu hakutulia dozi ya kwanza, daktari akaendelea siku kadhaa. Siku ya 3 alinyonya hadi akasinzia na ziwa mdomoni, nikalia. Wengine huhitaji B6 ya aina nyingine, piridoksali fosfeti. Sasa ana miaka 6, anameza kila siku na ataendelea maisha yote. Kuongea alichelewa. Akipata homa daktari huongeza dozi. Mimi siongezi, ikizidi mno inaharibu neva. Na wewe mdogo wangu, kama ndio ugonjwa huu, hukuikosea mimba. Mmebeba kasoro hiyo ya kurithi wote wawili, wewe na baba yake. Kila mimba uwezekano wa mtoto kuupata ni 1 kati ya 4.

Mama Kichanga: Nimeandika yote nyuma ya kadi ya kliniki, na la kaka yake. Raundi ni saa 2 asubuhi. Mama mkwe nimemsomea, amekaa kimya, kamshika mtoto mguu.